Pampu Iliyochoka kwa Kazi Nyepesi

Jambo la kwanza alilolitambua mtu yeyote aliyekutana na Mzee Sita ni kwamba hakuwa akimtazama mwenzake usoni. Angekupa mkono, angekuuliza habari za nyumbani, angecheka mahali pa kucheka, lakini macho yake yangekuwa yamekwisha kukupita begani, yanafuata bomba lililopanda ukutani nyuma yako mpaka lilipotobolea darini. Wageni walidhani ana dharau. Wenyeji walijua kwamba mazungumzo yakikatika ghafla, basi ameona tone.

Alikuwa fundi bomba wa zahanati kwa miaka ishirini na saba. Jina la Sita alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu kila kitu alikipima kwa bomba, na bomba likitoka dukani huwa na urefu wa mita sita. Kutoka langoni mpaka chumba cha dawa ni mabomba manne. Kutoka kwake mpaka kwa wakwe zake ni mabomba mia mbili na kumi na moja, na kona tatu. Hata mkewe alipotaka kujua pazia la sebuleni linahitaji kitambaa kiasi gani, alijibiwa, "Nusu bomba, mama watoto, na kipande kidogo cha kukunja." Mkewe akaleta kitambaa cha nusu bomba, na pazia likatosha. Kipimo hicho kilikuwa hakijamwangusha hata siku moja, na pengine ndiyo maana hakuwahi kukitilia shaka.

Mwaka huo zahanati ilijenga wodi mpya ya wazazi juu ya mteremko, nyuma ya majengo ya zamani. Ilihitajika mno. Katika wodi ya zamani kina mama walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na mtoto akilia mmoja waliamka wote. Wodi mpya ilikuwa na vitanda kumi na vinne, sakafu inayong'aa na mnara wa matofali wenye tangi la lita elfu tano. Kilichokosekana ni maji ndani ya tangi hilo. Mkaguzi wa afya alikuwa amesema wazi: atakuja Ijumaa saa nne asubuhi, na anataka kuona pampu imefanya kazi saa nzima bila kusimama na tangi la juu limejaa hadi kumwaga. Asipoyaona hayo, ruhusa itangoja ukaguzi ujao, miezi mitatu baadaye.

Miezi mitatu ilikuwa mingi kwa Mzee Sita kuliko kwa mtu mwingine. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba ya kwanza, na shinikizo la damu lilikuwa likimsumbua. Muuguzi mkuu hakuzungukazunguka. "Wodi mpya ikifunguliwa, tutamlaza hapa, tumwangalie asubuhi na jioni," alisema. "Isipofunguliwa, mzee wangu, mimi simlazi kwenye msongamano huu. Nitamwandikia aende hospitali kubwa." Hospitali kubwa ilikuwa safari ya nusu siku katika barabara ambayo hata mtu asiye na mimba huimaliza ameshika kiuno.

Kwa hiyo kamati ya zahanati ilipomwambia Mzee Sita, "Fundi, wewe ndiye unayejua, kachague pampu," alikwenda dukani kama mtu anayekwenda kumposea mwanawe.

Mwenye duka aliitwa Mama Pampu mji mzima. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Alimuuliza swali moja tu la maana: "Unapandisha maji mita ngapi, baba?"

"Mia na hamsini," alijibu Mzee Sita bila kupepesa.

"Una uhakika?"

"Mama, mabomba nimeyalaza kwa mikono hii. Ishirini na tano. Zidisha kwa sita."

Mama Pampu alizidisha, akaingia stoo, na wapagazi wawili wakatoka na pampu ndefu ya chuma iliyosimama kama mtungi wa gesi. Mzee Sita aliipapasa, akatabasamu. Kitu kilikuwa na uzito wa heshima.

Jumatatu waliifunga, yeye na shemeji yake, ndugu wa mkewe, ambaye alikuwa fundi umeme na hakuwahi kufanya kazi bila kuchokoza. Shemeji alibonyeza swichi. Pampu ilinguruma, bomba likatetemeka, na kule juu maji yakaingia tangini kwa fujo, yakirukaruka. Kina mama waliokuwa wakianika nguo walipiga vigelegele. Kabla vigelegele havijaisha, pampu ikanyamaza.

Waligusa mota. Ilikuwa ya moto kama pasi. Walingoja ipoe, wakaiwasha tena. Dakika nne, kimya. Wakaiwasha mara ya tatu. Dakika nne, kimya.

"Shemeji," alisema fundi umeme, "hii pampu ni wewe siku ya harusi yako. Kelele nyingi za kuingia, dakika nne umesinzia kitini."

"Funga mdomo, upime umeme."

Shemeji alibana kipimo chake kwenye waya, pampu ikawashwa, na utani ukamwishia. "Inakula umeme kupita ulioandikwa kwenye kibati chake. Ndiyo maana inajizima. Inajiokoa isiungue."

"Inakula kwa sababu gani? Imezidiwa?"

"Itazidiwaje? Si umeyaona maji? Yanapanda kama yamefukuzwa."

Hapo ndipo kichwa cha Mzee Sita kilipoanza kuzunguka. Pampu dhaifu angeielewa, kwani dhaifu hushindwa. Hii ilikuwa na nguvu, kazi ilikuwa ikiiweza vizuri, na bado ilianguka kama mtu aliyebebeshwa magunia mawili. Aliikagua kona moja baada ya nyingine, akatafuta hewa, akatafuta uchafu, asipate kitu.

Katika kutafuta huko aliona kiungo kimoja karibu na pampu kikitoa jasho. Aliizungusha koki kuifunga nusu ili akikaze, akasahau kumwambia shemeji azime. Dakika nne zikapita. Sita zikapita. Kumi. Pampu ilikuwa bado inaimba, tena kwa sauti ya chini, kama iliyoshiba.

"Umefanya nini?" shemeji aliuliza, macho kwenye kipimo.

"Sijafanya kitu. Nimefunga koki nusu."

"Funga tena kidogo."

Alifunga. Umeme ukashuka.

"Funga tena."

Ukashuka tena. Mzee Sita alikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Yaani namkaba koo," alisema polepole, "ndiyo anapumua?"

Wangeiacha hivyo hivyo na kumshukuru Mungu, laiti muuguzi mkuu asingeshuka mteremko mbiombio, kofia mkononi. Taa za wodi ya zamani zilikuwa zimefifia tangu pampu iwashwe, na sasa friji la chanjo lilikuwa limezimika. Hata ilipokabwa koo, ile pampu ilikuwa mlafi mno kwa laini ya umeme ya zahanati.

"Fundi, nina watoto arobaini wa kuchanja kesho," alisema. "Zima hiyo kitu yako. Na Ijumaa ni Ijumaa."

Mchana ule Mzee Sita alikaa mezani kwake na karatasi iliyokuja pamoja na pampu. Maandishi yalikuwa madogo kama mchanga, na katikati palikuwa na mchoro: mstari uliopinda, ulioanza juu upande wa kushoto, ukashuka taratibu, halafu ukaporomoka upande wa kulia. Aliutazama kwa muda mrefu, akaugeuza, akaurudisha.

"Nimeshajua kosa," alimwambia binti yake, aliyekuwa ameinua miguu juu ya kigoda. "Huu mlima waliouchora si mlima wetu. Mlima wao unashuka kuelekea kulia. Wetu unashuka kushoto. Wametupa pampu ya mlima mwingine."

Binti aliichukua karatasi, akaiweka juu ya tumbo lake kama juu ya meza. "Baba, mlima gani una namba chini na namba pembeni?"

"Mlima uliopimwa."

"Huu si mlima, baba."

"Ni nini, basi?"

Binti aliutazama mchoro, akamtazama baba yake. "Sijui. Ila si mlima." Kisha akacheka mpaka akashika ubavu, na baba akaacha mlima, akakimbilia maji ya kunywa.

Jumanne asubuhi alikuwa kwenye ngazi za duka kabla halijafunguliwa. Mama Pampu alisikiliza habari yote bila kumkatiza: maji ya fujo, dakika nne, koki, friji. Alivaa miwani, akalaza karatasi juu ya kaunta, na kuweka kidole kwenye mstari uliopinda.

"Baba, hii ndiyo tabia ya pampu. Namba za pembeni, zinazopanda, ni kimo cha kupandisha maji. Namba za chini, zinazokwenda kulia, ni maji inayotoa kwa saa. Soma mwenyewe. Hapa juu kushoto, kimo ni kirefu, maji yanayotoka ni kiasi gani?"

"Sifuri."

"Sifuri. Inasukuma mpaka mwisho wa nguvu zake, haitoi kitu. Huku chini kulia je?"

"Kimo kidogo. Maji mengi."

"Sasa umeanza kusoma. Pampu haitoi kimo kikubwa na maji mengi kwa pamoja. Ukitaka hiki, unapunguza kile. Wewe unataka lita elfu tano kwa saa. Ukipanda kutoka elfu tano, mstari unaukuta wapi?"

Alipandisha kidole chake chenye kovu. "Mia na hamsini. Si ndiyo niliyokuomba?"

"Ndiyo uliyoniomba. Na kama mlima wenu ungekuwa mita mia na hamsini, sasa hivi tangi lingekuwa linamwaga. Lakini mota inajizima. Maana yake inafanya kazi huku," akagonga kulia kabisa, mahali mstari ulipoporomoka. "Inakutana na kimo kidogo kuliko ulichoniambia, basi inamwaga maji mengi kupita kiasi, na hayo mengi ndiyo yanayoiunguza."

Mzee Sita alikunja uso. "Mama, nisamehe, mimi ni mtu wa spana. Kimo kidogo ni kazi nyepesi. Tangu lini punda akaanguka kwa kubebeshwa kikapu?"

Mama Pampu alivua miwani. Alitazama nje, ambako ng'ambo ya barabara vibarua walikuwa wakirusha mchanga kwa koleo.

"Waone wale. Yule anayerusha mpaka ghorofa ya kwanza, kila koleo anakusanya nguvu. Kwa dakika moja anarusha mara ngapi? Chache. Yule anayerusha kwenye toroli, hapo chini, anarusha haraka haraka. Lakini yeye ana akili: akichoka, anasimama, anafuta jasho, anamtania mwenzake. Pampu haina akili ya kupumzika. Ukiipa toroli, itarusha, itarusha, itarusha, mpaka ianguke. Ulipofunga koki, ulimjengea ukuta wa kurushia. Akapunguza mwendo."

Mzee Sita aliwatazama vibarua. Alielewa vibarua. Alielewa pampu. Kati ya vibarua na pampu palikuwa na shimo, na yeye alikuwa amesimama ukingoni akichungulia.

"Ila mabomba ni ishirini na tano," alisema, karibu kwa kusihi.

"Umeyasimamisha au umeyalaza?"

"Nimeyalaza. Yanafuata mteremko."

Mama Pampu alivaa miwani tena. Alimwacha alisikie jibu lake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yale Mzee Sita hakuangalia bomba lolote ukutani. Alimwangalia Mama Pampu usoni.

"Nilikuuliza kimo, baba, ukanipa urefu," alisema yule mama kwa upole. "Na mimi nilipaswa kukuuliza mara ya pili jinsi ulivyopima. Kosa tumegawana. Nenda kapime kutoka maji ya chini mpaka mdomo wa tangi la juu, wima, kama jiwe linavyoanguka. Ulete pampu ikiwa na stika yake, nitakubadilishia."

Jumatano walipima kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, ule ambao waashi hutumia kusawazisha ukuta, kwa kuwa maji ndani yake hukaa usawa mmoja pande zote mbili. Shemeji alisimama chini na fimbo ya mita mbili, ameshika ncha moja ya mpira kwenye kilele cha fimbo. Mzee Sita alipanda na ncha nyingine mpaka maji yakasimama usawa wa viatu vyake.

"Mbili!" alipaza sauti, akachomeka kijiti. Shemeji akapanda mpaka kwenye kijiti, na wakaanza upya.

"Nne!"

"Shemeji, ungeniambia mapema tunacheza kombolela, ningevaa raba."

"Panda, wewe! Sita!"

Mteremko uliokuwa umemtoa jasho la miezi miwili, akibeba mabomba begani moja moja, uliisha mara ya kumi na tatu. Mita ishirini na sita. Mnara wa tangi ulikuwa wima kweli, na huo aliupima kwa bomba lake: mita sita kamili. Jumla, thelathini na mbili.

Walirudia. Thelathini na mbili.

"Umekwenda wapi mlima?" Mzee Sita aliuliza, akiuangalia kama mtu aliyeibiwa. Macho yake yaliona mlima uleule, magoti yake yalikumbuka mlima uleule. Mita mia na hamsini za mabomba zilikuwa zimelala palepale, na hakuna bomba hata moja lililosema uongo. Ila swali lilikuwa jingine, naye alilijibu la kwake. Alijiuliza ni mara ngapi maishani mwake alikuwa amepima vizuri kabisa kitu ambacho hakuna aliyekiuliza, akakunja mpira.

Alasiri ileile walikuwa dukani na pampu ndefu kwenye mkokoteni. Mama Pampu aliongeza mita nane juu ya thelathini na mbili.

"Nane za nini tena?" Mzee Sita alishtuka. "Mlima umeota?"

"Za msuguano. Maji yakipita kwenye bomba refu na jembamba yanajikwaruza, yanapoteza nguvu. Kona nazo zinadai chao. Hapo ndipo mabomba yako ishirini na tano yanapohesabiwa. Hukuyalaza bure."

Hilo lilimfariji kidogo. Arobaini, basi. Mama Pampu alimpa karatasi tatu za pampu tatu na kalamu ya risasi, akaenda kuhudumia mteja mwingine, makusudi kabisa. Mzee Sita aliinama juu ya kaunta. Kwenye karatasi ya kwanza alipanda kutoka elfu tano akakuta mstari kwenye mita ishirini na mbili: maji yasingefika hata mlangoni mwa wodi. Kwenye ya pili alikuta sabini: huyo tena ni mlafi. Kwenye ya tatu alipanda, akapanda, akakuta mstari kwenye arobaini na mbili, katikati kabisa ya mteremko, si kule juu kwenye sifuri wala kule chini kwenye maporomoko. Alitia nukta. Aliifuta, akapanda upya, nukta ikaangukia palepale.

"Hii?" aliuliza, kama mwanafunzi anayeogopa kusahihishwa.

"Mimi nimenyamaza," alisema Mama Pampu. "Pampu ni yako."

Walipomtolea pampu yenyewe, moyo ulimshuka. Ilikuwa ndogo. Aliibeba mwenyewe kwa mkono mmoja, kama birika.

Alhamisi waliifunga, lakini hawakuweza kuijaribu. Majaribio ya Jumatatu, ambayo maji yake yote yaliishia kuosha sakafu ya wodi mpya, yalikuwa yamelikausha tangi la chini, ambamo pampu huvuta maji, nalo lilijaa polepole kutoka bomba la mjini. Muuguzi mkuu alikuja kuiona pampu, akaizunguka mara mbili.

"Fundi, ile kubwa imeshindwa, na hii ndogo ndiyo iweze?"

"Sista," alijibu Mzee Sita kwa ukweli wote, "nilipokuwa dukani nilielewa. Nimefika hapa, nimebaki na nukta tu."

Ijumaa, saa tatu kamili, tangi la chini likiwa limejaa, shemeji alibonyeza swichi. Hapakuwa na ngurumo. Palikuwa na mvumo mdogo tu, kama wa nyuki ndani ya kopo, na kina mama waliokuwa tayari kupiga vigelegele walitazamana. Mzee Sita alipanda mteremko, akapanda ngazi ya mnara, akafungua mfuniko. Maji yalikuwa yanaingia. Si kwa fujo. Yaliingia kama mtu mwenye adabu, anayeingia akijua atakaa.

Dakika nne zilifika. Mzee Sita alifumba macho. Zikapita, na mvumo ukaendelea.

"Umeme?" alipaza sauti kutoka juu.

"Chini ya namba ya kibati!" alijibu shemeji. "Mota nimeishika kwa kiganja, shemeji, naweza hata kuilalia!"

"Friji?"

"Linafanya kazi!" Hiyo ilikuwa sauti ya muuguzi mkuu, kutoka dirishani.

Robo saa. Nusu saa. Mzee Sita alishuka mnarani, akaketi kwenye ngazi za wodi mpya kando ya binti yake, aliyepanda mteremko taratibu akisimama kila hatua kumi, ingawa alikuwa amekatazwa. Karatasi ya mchoro ilikuwa magotini mwa mzee, na nukta ya risasi ilikuwa imechakaa kwa kuguswa.

"Sasa umeielewa, baba?"

"Nimeielewa hapa," alisema, akigusa nukta. Kisha akapeleka kidole kulia, kule kwenye maporomoko, akakitazama muda mrefu. "Hapa bado naona punda na kikapu."

Saa nne kasoro dakika tano, gari jeupe lilisimama langoni, na mkaguzi akashuka na faili kwapani. Alipeana mikono na muuguzi mkuu, akatazama saa yake, halafu wote wawili wakaanza kuupanda mteremko. Pampu ilikuwa bado inavuma. Juu ya mnara, chini kidogo ya mfuniko, palikuwa na kipande cha bomba kilichotokeza nje, cha kumwagia maji tangi likijaa. Mdomo wake ulikuwa mkavu. Shemeji aliacha kutania. Kina mama wa wodi ya zamani walitoka mmoja mmoja na vitoto vyao mikononi, wakasimama chini ya mnara, nyuso juu.

"Bado," alisema binti.

"Bado," alisema Mzee Sita, akainuka, akimshika mkono, bila kuondoa macho pale juu.